Kwenye Semina za Mawasiliano Wapelekwe Wakubwa

Miezi michache iliyopita nilialikwa kuhudhuria semina ya siku mbili katika hoteli moja mjini Morogoro. Mada ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa kwenye kitambaa kilichotundikwa ukutani: mawasiliano yenye tija mahali pa kazi. Tulikuwa washiriki kama hamsini: makarani, wahasibu, maofisa wa ngazi ya kati, madereva wawili na sisi walimu wachache. Mgeni rasmi alifika saa nne na nusu badala ya saa tatu. Alisoma hotuba ndefu, akatuasa tuwe na lugha nzuri mbele ya viongozi wetu, tukapiga picha ya pamoja, kisha akaondoka. Wakurugenzi na wakuu wa vitengo waliokuwa wameketi mstari wa mbele walinyanyuka kumsindikiza, na hawakurudi. Tangu saa hiyo hadi jioni ya siku ya pili, viti vyao vilivyovishwa vitambaa vyeupe vilibaki mbele yetu vikiwa vitupu, na mwezeshaji akawa anatufundisha sisi tuliosalia namna ya kuzungumza na watu ambao hawakuwamo ukumbini.

Simlaumu mwezeshaji. Alijua kazi yake. Alitufundisha kuandika barua pepe fupi yenye kichwa kinachoeleweka, kuchagua wakati wa kupeleka jambo zito, kuanza na shukrani kabla ya malalamiko, na kutopeleka tatizo bila kupeleka na pendekezo. Kwenye bangokitita alichora duara: mtoa ujumbe, ujumbe, njia, mpokeaji, na mwishoni mshale unaorudi kwa mtoa ujumbe, ambao aliuita mrejesho. Hapo dereva mmoja, mtu mzima mwenye mvi, alinyoosha mkono. Akauliza: "Mwalimu, nikimwambia bosi wangu kwamba breki za gari zimekwisha, naye akanijibu nisimletee visingizio vya kukwepa safari, huo mshale wako unarudi wapi?" Ukumbi ulicheka. Mwezeshaji akasema hilo ni swali zuri na kwamba tutalirudia. Hatukulirudia.

Mimi nimelirudia peke yangu tangu siku ile, na leo ninataka kulijibu bila kuzunguka. Mawasiliano katika sehemu zetu za kazi hayajaharibika kwa sababu walio chini hawajui kusema. Wanajua mno. Msikilize karani yuleyule asiyefumbua kinywa kikaoni anavyojenga hoja akiwa kwa mama lishe saa saba mchana. Utasikia takwimu, mifano, sababu na masuluhisho ambayo hakuna mshauri mwelekezi wa kulipwa mamilioni angeyatoa. Kilichoharibika ni sikio la aliye juu. Na kwa kuwa ugonjwa umo kwenye sikio, semina zinazotibu ulimi ni fedha ya umma iliyotupwa shimoni.

Ninayasema haya nikiwa na hatia yangu mwenyewe, na si haki niifiche.

Miaka kadhaa nyuma niliwahi kuwa mkuu wa idara. Katika ofisi yangu alikuwapo mama mmoja, karani, ambaye alikuwa ameifanya kazi ile tangu mimi sijamaliza shule. Aliniita "Mwalimu", nami nilimwita "Mama". Mwaka huo tulikuwa tumebadilisha namba ya somo moja, na wanafunzi wachache waliokuwa wakilirudia somo hilo walibaki na namba ya zamani. Asubuhi moja, nikiwa na wageni ofisini, mama yule aligonga mlango akiwa na karatasi mkononi. "Mwalimu," alisema, "hii orodha naiona ina kasoro. Wenye namba ya zamani ya somo hawamo." Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa mbele ya watu ambao nilitaka waone kwamba idara ina mwenyewe. Nikamjibu: "Mama, kazi yako ni kuchapa, si kukagua." Wageni walitabasamu. Mama yule alisema "Sawa, Mkuu," akafunga mlango taratibu.

Siku mbili kabla ya mahafali, binti mmoja aliingia ofisini kwangu akiwa ameongozana na baba yake. Mzee alikuwa amesafiri kwa basi kutoka Songea, na suti aliyokuja nayo kwa ajili ya sherehe ilikuwa imekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki. Jina la binti halikuwamo kwenye orodha ya wahitimu, na wenzake wawili waliorudia somo lile nao hawakuwamo. Nyaraka zilikuwa zimekwisha kupitishwa na kila kikao kilichopaswa kuzipitisha, hivyo hapakuwa na la kufanya ila kusubiri mahafali ya mwaka uliofuata. Binti alikuwa ameahidiwa kazi kwa sharti la kuleta cheti. Aliikosa.

Walipoondoka nilimwita mama yule. Nilimuuliza, kwa sauti ambayo hadi leo inanitia aibu, kwa nini hakuniambia. Akanijibu: "Nilikuambia, Mkuu." Nikakumbuka, lakini sikutaka kushindwa, nikamuuliza tena: orodha ya mwisho ilipopita mikononi mwake, na akaona majina yale bado hayamo, kwa nini hakuniambia mara ya pili? Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto, akasema: "Mara ya pili nilichapa."

Nimesoma vitabu vingi juu ya uongozi na mawasiliano. Hakuna hata kimoja kilichonifundisha zaidi ya maneno hayo manne. Mtumishi wa chini huwa anasema. Husema mara moja, kwa adabu, mapema, wakati jambo bado lina dawa. Yanayotokea baada ya hapo yanategemea alichojibiwa siku ile ya kwanza. Akidhihakiwa, kesho yake hufanya hasa kile alichoambiwa, wala hazidishi, na hapo kiongozi huanza kuishi katika ofisi ambayo kila kitu kinakwenda vizuri hadi siku kinapoanguka.

Ofisi za namna hiyo zimejitungia lugha yake, na kila mtumishi wa nchi hii anaielewa. "Nimepokea maelekezo" maana yake ni kwamba sikubaliani, lakini sitapoteza pumzi. "Utekelezaji unaendelea" maana yake kazi haijaanza. "Lipo kwenye mchakato" maana yake hakuna anayejua jalada lilipo. Neno "tatizo" tumelizika kabisa, na juu ya kaburi lake tumeandika "changamoto". Nenda kwenye kundi la WhatsApp la ofisi yoyote: kiongozi anatoa agizo saa tano usiku, na ndani ya dakika kumi yanafuata majibu thelathini yanayofanana, "Nimepokea, Mkuu", kila moja likiwa na vikatuni vya mikono iliyounganishwa kama ya mtu anayesali. Kiongozi analala akiamini ameeleweka. Miongoni mwa wale thelathini wapo wanaojua kwamba agizo lile haliwezekani, na wanajua sababu, na kila mmoja anasubiri mwenzake aanze.

Kisha kuna vikao. Mwenyekiti huzungumza kwa muda wa saa nzima, hueleza tatizo, husema chanzo chake, hutaja suluhisho, na mwisho huuliza: "Kuna mwenye swali au maoni?" Hakuna. Basi huandikwa kwenye muhtasari kwamba wajumbe walikubaliana kwa kauli moja. Kikao cha kweli huanza dakika tano baadaye, chini ya mwembe, na hicho hakina muhtasari. Nimewahi kusikia viongozi wakijisifu kwamba vikao vyao ni vifupi na havina mabishano. Hawajui wanajisifu kwa nini. Kwa Kiswahili tuna jina la hali hiyo, na jina lenyewe ni kali kuliko lolote ambalo mimi ningeweza kulibuni: nidhamu ya woga.

Wapo watakaosema kwamba hali hii ni ya kawaida, kwamba nchi yetu haijawahi kuwa na utaratibu wa mdogo kumwambia mkubwa, na kwamba tunaodai hivyo tumeathirika na vitabu vya wazungu. Historia inawakana. Mwaka 1962, nchi ikiwa bado changa, Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu alichokiita Tujisahihishe, na ndani yake alikemea tabia ya kuupima ukweli kwa kumtazama aliyeusema badala ya kutazama kilichosemwa. Mwaka 1970 ulitoka Waraka wa Rais Namba 1, uliotaka mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma ili mfanyakazi awe na mahali halali pa kusemea. Mwaka uliofuata ulitoka Mwongozo wa TANU, na ibara yake ya 15 ilimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu.

Wafanyakazi walisoma ibara hiyo wakaiamini. Kati ya mwaka 1971 na 1973 viwanda kadhaa vilikumbwa na migomo, na malalamiko mengi yaliyotolewa hayakuhusu mshahara. Yalihusu namna mameneja walivyozungumza na watu: matusi, kejeli, kufokewa mbele ya wenzao. Nadhani hilo ni fundisho kubwa la historia yetu ya kazi, nalo tumelisahau. Mtu aliyekuwa akilipwa mshahara mdogo alikuwa tayari kuhatarisha mshahara huo mdogo ili asemezwe kama mtu. Mwishowe migomo ilizimwa, baadhi ya waliogoma wakafukuzwa, na kizazi kizima kikajifunza kwamba maandishi ya kumpa mdogo sauti ni mazuri kusomwa, lakini ni hatari kuyatumia.

Tangu wakati huo hatujakosa maandishi. Mabaraza ya wafanyakazi yapo hadi leo. Mengi hukutana pale bajeti inapotakiwa kupitishwa, wajumbe wakagawiwa makabrasha asubuhi ile ile ya kikao. Mwaka 2004 utumishi wa umma uliingiza mfumo wa wazi wa kupima utendaji, tuliouzoea kwa jina la OPRAS, uchukue nafasi ya zile taarifa za siri ambazo mtumishi aliandikwa bila kujua ameandikwa nini. Wazo lilikuwa zuri mno: mkubwa na mdogo waketi pamoja, wakubaliane malengo, wakutane tena katikati ya mwaka, waambizane ukweli. Sasa mfumo huo umepisha mwingine wa kielektroniki. Lakini waulizeni watumishi ni mara ngapi waliketi. Wengi tulijaza fomu zote kwa siku moja, malengo ya mwanzo wa mwaka na matokeo ya mwisho wa mwaka kwa kalamu ileile, kisha tukampelekea mkuu atie saini akiwa amesimama mlangoni. Mfumo uliokusudiwa kuwa mazungumzo ukageuka karatasi ya kupandia daraja.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huohuo wa 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na kama mfanyakazi hayaelewi, mwajiri ahakikishe ameelezwa kwa namna anayoielewa. Nani anaitekeleza? Mlinzi wa getini anatia saini mkataba wa Kiingereza wa kurasa nne, na anayemkabidhi anaonyesha kwa kidole tu mahali pa kuweka saini. Halafu siku akikosea anaambiwa: "Si ulisaini?" Huo nao ni mkubwa kukataa kueleweka, kwa makusudi, kwa kuwa asiyeelewa hawezi kudai.

Na tusisahau sanduku la maoni. Lipo katika kila jengo, limefungwa kwa kufuli, limepigwa vumbi. Nilipouliza katika ofisi moja ufunguo anao nani, walitazamana.

Hoja ninayoijua kuwa itatolewa dhidi yangu ni ya heshima. Nitaambiwa kwamba katika mila zetu mdogo hamkosoi mkubwa, na kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo naijua, na naipenda. Ila naona wakuu wetu wameishika hiyo moja tu na kuziacha nyingine. Wazee haohao walisema mficha maradhi kilio humfichua, na hawakusema kwamba maradhi ya wakubwa hayahusiki.

Zaidi ya methali, wazee walijenga taratibu. Walijua kwamba aliye juu ni vigumu kuambiwa, wakaweka watu maalumu wa kumwambia. Utani ni nini kama si taratibu hiyo? Mngoni anaweza kumwambia Mhehe, msibani, mbele ya wafiwa na wazee, maneno ambayo angeyasema mtu mwingine yangeleta ugomvi. Mtani anamkejeli hata marehemu kwa ubahili wake, watu wanacheka huku wanalia, na ukweli uliokuwa haujasemwa kwa miaka umesemwa. Mshenga naye hupeleka kwa wakwe maneno ambayo mkwe mwenyewe hawezi kuyatamka. Mila zetu, kwa hiyo, hazikumnyamazisha mdogo. Zilimtafutia mlango. Ofisi za kisasa zimebakiza ngazi ya vyeo na kuibomoa milango yote, halafu zinadai kwamba zinalinda utamaduni. Heshima ni kuchagua maneno ya kumwambia mtu ukweli. Kumficha ukweli hadi aaibike hadharani ni woga, na pengine ni kisasi.

Madhara ya woga huo huonekana wazi zaidi mahali ambapo kosa huua papo hapo. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, Hispania, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye ukungu, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am. Walikufa watu 583. Nahodha wa ndege ya KLM hakuwa mwanafunzi. Alikuwa miongoni mwa marubani wenye sifa kubwa katika shirika lake, na aliwafundisha wengine. Alipotaka kuondoka mara ya kwanza, msaidizi wake alimkumbusha kwamba walikuwa bado hawajapewa kibali, akasimama. Muda mfupi baadaye alianza tena kuondoka, kibali cha kuruka kikiwa bado hakijatolewa, na safari hii msaidizi hakumzuia. Mhandisi wa ndege aliyekuwa nyuma yao aliuliza kama ile ndege nyingine ilikuwa imekwisha kutoka njiani. Nahodha alimjibu kwa mkato kwamba imetoka. Mhandisi hakuuliza tena. Kila ninaposoma habari hii namsikia mama yule: mara ya pili nilichapa.

Ninachotaka mkitazame ni walichofanya wenye ndege baada ya ajali za aina hiyo. Hawakuishia kuwafundisha wasaidizi kusema kwa sauti nzuri. Waliwapeleka darasani manahodha. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 mashirika ya ndege, United Airlines likiwa miongoni mwa ya kwanza, yalianza kuwafundisha marubani wakuu kuuliza, kusikiliza, na kuichukua shaka ya mdogo kuwa sehemu ya vyombo vyao vya kuongozea. Mwaka 1989 ndege ya shirika hilo ilipoteza mifumo yote ya kuiongoza ikiwa angani, ikaanguka ilipokuwa ikitua Sioux City, Marekani. Kati ya watu 296 waliokuwamo, zaidi ya 180 walipona. Nahodha wake, Al Haynes, hakujipa sifa hizo peke yake. Alisema mara nyingi kwamba zamani nahodha alikuwa ndiye mwenye neno, na kwamba siku ile kila aliyekuwa chumbani mwa marubani alichangia.

Kama mfano huo unaonekana wa mbali, nitaleta wa karibu, tena wa mkoa uleule wa Morogoro tuliokalia semina yetu. Shirika la Afya Duniani lilipotaka kujaribu orodha fupi ya kukagua usalama wa upasuaji, kati ya 2007 na 2008, lilichagua hospitali nane duniani. Nyingine zilikuwa katika miji kama London, Toronto na Seattle. Moja ilikuwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Miongoni mwa mambo yaliyomo katika orodha ile ni jambo dogo linaloweza kumchekesha mtu: kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Daktari bingwa ataje, na muuguzi aliyeanza kazi juzi ataje. Kisha waulizane kama kuna yeyote mwenye wasiwasi. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Kwa jumla ya hospitali zile, vifo baada ya upasuaji vilipungua kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa 100, na madhara makubwa yalishuka kutoka 11 hadi 7 kwa kila 100. Orodha ile ilikuwa na mambo mengine pia, kama vile kuhakikisha dawa imetolewa kwa wakati, na sidai kwamba kutaja majina peke yake ndiko kulikookoa watu. Lakini waliotunga orodha walijua kwamba aliyekwisha kusikika sauti yake mara moja chumbani, akiitwa kwa jina, ni rahisi kusema tena atakapoona damu mahali pasipostahili.

Nimekwisha kusikia pingamizi nyingine: ukiwapa watumishi nafasi ya kusema, watageuza ofisi kuwa kijiwe, na majungu hayatakwisha. Ninajibu kwamba majungu ni zao la kimya cha kulazimishwa. Barua zisizo na jina, minong'ono ya kwenye korido, ujumbe wa kumchongea mtu kwa mkubwa wake, vyote hivi huota pale ambapo neno la wazi lina adhabu. Siwatetei wavivu wala wachonganishi. Wapo, na sheria za kazi zinajua la kuwafanya. Ila kiongozi aliyefunga mlango wa mbele asishangae kwamba habari zinaingia kwa dirishani zikiwa zimechafuka.

Basi ninadai mambo machache, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti. Kiongozi azungumze mwisho kikaoni. Akianza yeye, wengine wamebakiwa na kazi ya kuitikia tu. Anayeleta habari mbaya mapema ashukuriwe mbele ya wenzake, hata kama wakati wa kuileta haukuwa mzuri, na dokezo lake lihifadhiwe katika jalada pamoja na jibu alilopewa. Sanduku la maoni lifunguliwe kila mwezi mbele ya wawakilishi wa wafanyakazi, na majibu yabandikwe ubaoni, yakiwamo ya maoni yaliyokataliwa na sababu za kuyakataa. Mikataba na nyaraka za wafanyakazi ziandikwe kwa Kiswahili, lugha ambayo mwenye kutakiwa kuzifuata anaota nayo. Na kiongozi anapopimwa mwisho wa mwaka, waulizwe na walio chini yake swali moja tu: mara ya mwisho ulipompelekea jambo asilopenda kulisikia, alikufanya nini?

Kwa walio chini nina neno moja, maana nisiwaache bila wajibu. Semeni mara ya kwanza, kwa ushahidi, na mahali panapostahili. Najua gharama yake. Lakini kunyamaza kwa makusudi ili mkubwa aanguke kuna watu wengine wanaoangukiwa: abiria wa gari lisilo na breki, mgonjwa aliyelala mezani, binti wa Songea. Kosa lilikuwa langu na sitalitupia kwa mama yule. Hata hivyo mtoto aliyeumia hakuwa mimi wala yeye.

Mama yule alistaafu miaka kadhaa baadaye. Siku ya kumuaga niliomba kusema, nikakisimulia kisa chote mbele ya wafanyakazi, kwa kuwa nilimkemea mbele ya watu na haikuwa haki nimwombe radhi faraghani. Alinisikiliza hadi mwisho, akiwa amekunja mikono juu ya khanga aliyopewa zawadi. Kisha akasema: "Ahsante, Mwalimu." Nilikuwa sijaitwa hivyo na yeye tangu asubuhi ile.

Wiki iliyopita nimeletewa barua. Waandaaji wa semina ile wanataka kuirudia kwa kundi jingine, na safari hii wananiomba niwe mmoja wa wawezeshaji. Nimewajibu kwa maandishi kwamba nitakuja, tena bila posho, kwa sharti moja: watakaoketi viti vya mbele wabaki ukumbini hadi jioni ya siku ya pili. Bado sijajibiwa.